Injini Niliyoipima Bila Mzigo

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe! Nivumilieni, nasimama mbele yenu nimechoka.

Mimi Baba Agnes mnanijua kwa gereji yangu pale Mkomaindo. Kazi yangu ni kubadili magari. Injini ya lori la jeshi naipachika kwenye gari la mtu, kisha naipima mpaka itulie. Watu walisema fundi huyu ana sikio, nami nikavimba kichwa.

Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Newala, aliniletea gari lake la kupandishia maji. Alitaka injini yenye nguvu isiyokunywa petroli sana, na ili anilipe aliuza cherehani ya mkewe. Nikaipachika, kisha nikabana kidogo kidogo mafuta yanayoingia kwenye injini kupitia kabureta, huku nasikiliza. Gari lilikuwa tupu, limesimama uwanjani. Injini ikanguruma vizuri, nikasema tayari.

Safari ya tatu, katikati ya mlima wa Newala, mapipa yamejaa maji, vali za injini zikaungua. Bwana Hamisi akaja amekasirika. Nami, ndugu zangu, nikasema kosa ni la dereva wake, Selemani, hajui gia. Akafukuzwa siku ileile, akarudi kijijini kwake Mnyambe kulima, na mkewe ni mjamzito. Nikatengeneza, nikalipwa tena. Akaja dereva wa pili, vali zikaungua tena, nikamlaumu na yeye.

Moyo ukaanza kunishtaki. Kanisani nilikuwa nafungua mdomo bila kuimba. Ndipo mke wangu akaniuliza, "Baba Agnes, wewe umewahi kupanda nalo mlima likiwa na mzigo?"

Sikuwahi hata mara moja.

Nikapanda nalo, maji yamejaa. Kabla ya kona ya pili nilisikia injini inagonga, joto likapanda. Ilikuwa na njaa ya mafuta, na aliyeinyima ni mimi! Nikashuka pale pale mlimani nikalia, kisha nikalegeza kabureta, nikapima tena kila kona mpaka juu. Nilichukua siku mbili kwa kazi niliyokuwa naimaliza asubuhi moja.

Nikamwambia Bwana Hamisi ukweli, nikauza baiskeli yangu ili kuikomboa cherehani ya mkewe. Kisha nikaenda Mnyambe kwa miguu. Selemani alikuwa anapalilia mihogo. Akaacha jembe, akaniambia, "Shikamoo, fundi." Nikapiga magoti kwenye matuta yake.

Akaniinua. Akasema, "Mimi nilijua ni kabureta. Ila nani angemsikiliza dereva?"

Ndugu zangu, Selemani amerudi kwenye usukani, lakini msimu mzima wa njaa alioupitia na mkewe kule Mnyambe hakuna awezaye kumfidia. Huo nimeubeba, ndiyo maana nimechoka. Hata hivyo nalala usingizi, namshukuru Mungu!

Kama yupo mtu aliyebeba lawama yako, usingoje Jumapili nyingine. Mtegemee Bwana, umwendee mtu huyo leo. Mimi niliogopa njia nzima ya Mnyambe, na Bwana alikuwa amefika shambani kabla yangu.