Bibi Haja Anaiaga Wodi ya Ini

Tarehe thelathini Juni, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya magonjwa ya tumbo na ini anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Faili lake linasema thelathini na mmoja. Nimelisoma mara tatu na bado sielewi mwaka mmoja ulipotelea wapi. Mwenyewe anasema tuandike idadi yoyote, miguu yake ndiyo inayojua.

Alitoka wodi ya upasuaji, akaletwa kwetu kwa wiki mbili kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda kujifungua. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Ndiye aliyetuzoesha kupima kwa utepe tumbo la mgonjwa lililojaa maji kila asubuhi, na kumwuliza kila mtu, bila haya, kama amepata choo. Wagonjwa wakampachika jina: Bibi Haja. Inasimuliwa kwamba mkurugenzi aliwahi kuingia mbiombio akisema ana haja kidogo, naye, bila kuinua macho, akamwelekeza mlango wa pili kushoto.

Kisa ninachotaka kukieleza ni cha fundi cherehani. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Fundi alikuwa mgonjwa wa ini, mtu mpole aliyetushonea vifungo vya sare akiwa kitandani. Asubuhi moja aliamka mtu mwingine kabisa. Shati kalifunga upande, mkewe anamwita shangazi, anauliza nani kawaingiza watu hawa nyumbani kwake. Alipoletewa uji, akamrushia mhudumu bakuli. Mkewe alilia, akaapa kwamba mumewe hajagusa pombe mwaka wa nne huu. Wa kitanda cha jirani akasema ni wazimu. Daktari wa zamu, aliyekuwa na wengine wawili wanaotapika damu, akaagiza fundi achomwe sindano ya usingizi. Nikaivuta dawa kwenye bomba la sindano. Sikuelewa ninachokiona, na nilitaka tu kelele ziishe.

Bibi Haja akanizuia. Akamgeukia yule mke.

“Mama, baba alipata choo lini mara ya mwisho?”

Mama akahesabu kwa vidole. Siku ya nne.

Akamwomba fundi anyooshe mikono mbele, kama anayezuia mlango. Viganja vikawa vinapigapiga vyenyewe. Akampa kalamu aandike jina lake. Ikatoka mistari iliyojisokota, isiyo na herufi hata moja. Akamfuata daktari alikokuwa. Daktari alikuja, akatazama, akafuta agizo lake. Baadaye alitueleza kwamba ini lililochoka lilikuwa limeshindwa kusafisha sumu inayotoka tumboni, na choo kilipofunga, sumu ikapanda kichwani. Kwa sindano ile, huenda fundi asingeamka.

Alipewa dawa ya kufungua choo. Ikafungua kweli. Bibi Haja alibadilisha shuka mara sita, na hakutuachia hata moja. Siku ya tatu fundi alimwita mkewe kwa jina, kisha akamwomba radhi mhudumu wa uji. Tangu hapo kila mgonjwa wetu wa ini huandika jina lake daftarini kila asubuhi, na mwandiko ukipinda tunajua pa kuanzia.

Kwa miaka kumi na tisa nimeamini kwamba siku ile Bibi Haja alijua. Wiki iliyopita nilimwendea ili nisikosee hapa. Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa mshangao.

“Nilichanganyikiwa kuliko wewe,” alisema. “Nilichojua ni kwamba jana yake alinishukuru kwa glasi ya maji. Sasa huyu anayerusha bakuli katoka wapi? Nikauliza swali ninalouliza siku zote, maana sikuwa na jingine.”

Nilitoka pale nisijue nifarijike au niogope. Bado sijui. Jumatatu zamu ya asubuhi naishika mimi, na yuko mama mmoja kitanda cha tatu ambaye tangu jana ananijibu kwa mkato, wala sielewi kwa nini. Nimekwisha kumwuliza kuhusu choo. Sasa nakaa naye.

Dada yetu, asante kwa kutuambia ukweli huo kabla hujatoka. Nenda ukalale mpaka usingizi wenyewe uchoke. Tunakuombea siku njema, na ziwe nyingi.