Benedikta Nambunga, Aliyepandisha Vitabu Jukwaani

Dada yetu mpendwa, Benedikta Nambunga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 karibu na Ndanda, Masasi. Alisoma shule ya misheni hukohuko mpaka darasa la sita. Alipopewa kitabu asome kwa sauti, yeye alitaka kukiigiza, na masista walimgombeza mpaka wakachoka.

Mwaka 1952 alifunga ndoa na shemeji yetu Pius, wakahamia Dar es Salaam. Shemeji alipata kazi bandarini, naye akawa fundi cherehani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1968 alianzisha kikundi cha maigizo cha makuli wa bandari na akina mama wa sokoni, akawa anageuza vitabu kuwa michezo ya nyimbo. Mwaka 1974 alichukua riwaya ya Mwalimu Aristides juu ya wakata mkonge. Kilio cha mjane, kilichojaza sura nzima ya kitabu, alikiondoa chote. Alitandika mkeka tu, waimbaji wakiimba pembeni. Mwalimu alikasirika. Alikubali kuja kutazama Mnazi Mmoja, lakini alisema asiporidhika mchezo usionyeshwe tena. Kikundi kizima kilikuwa roho juu.

Mjane alipoketi mkekani, Bi Kijakazi, muuza vitumbua aliyekuja kutazama tu, alivua viatu akapanda jukwaani kumpa pole. Wanawake wengine wakamfuata, maana msiba hautazamwi kwa mbali. Waigizaji walibabaika, dada akawaashiria waimbaji waendelee. Mara Mwalimu Aristides naye akavua viatu, akapanda na kukaa upande wa wanaume. Walipomaliza alimwambia, "Dada Benedikta, usirudishe hata neno moja."

Mchezo ule ulifika Morogoro na Tanga, kwa wakata mkonge wenyewe. Tulimwonea fahari wakati ule, na leo tunamwonea fahari.

Mwaka 1981 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Alikatazwa jukwaa, basi akaongoza mazoezi akiwa kitandani, akimsema kila aliyeimba kivivu. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni 1983, mumewe akiwa pembeni.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, kikundi chake, na mimi mdogo wake Hyasinta ninayesoma haya. Mwalimu Aristides yupo hapa nasi. Ameniomba niseme kwamba tangu siku ile hakupeleka kitabu kwa mchapaji kabla ya kumsomea dada. Kipya amekimaliza mwezi uliopita, na hajui atamsomea nani.

Pumzika, dada. Mungu akupe amani yake.