Mwizi Aliyesema Shikamoo

Basi la Kilosa kwenda Mikumi lilipokiacha kijiji cha Magomeni, Salome alikuwa ameshausikia mkasa wote wa bibi aliyekaa kiti cha mbele yake. Bibi alipigiwa simu na mtu aliyejidai ni wa kampuni ya simu, naye bibi akamtajia namba yake ya siri, na pesa zote za mpunga zikahama.

"Bibi, namba ya siri haitajwi hata kwa mwanao!" alifoka kijana aliyekaa naye, fundi simu, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. "Uliwezaje kumwamini mtu usiyemjua?"

"Aliniamkia," bibi akajibu taratibu. "Shikamoo ya adabu kabisa. Tena akasubiri niitikie."

"Huo ndio utapeli wenyewe!"

"Sawa, mjukuu wangu. Wewe si tapeli. Lakini tumekaa bega kwa bega tangu Kilosa, na shikamoo yako sijaisikia."

Kijana akageukia dirishani.

Basi liliposimama Mikumi, Salome, ambaye naye aibu ilikuwa imempata kwa kutomwamkia bibi, aliinuka akamwinamia. "Shikamoo, bibi."

Bibi akaubana kwanza mkoba wake kwapani, ndipo akaitikia, "Marahaba."