Nusu Dawa, Nusu Unga

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, na liko ubavuni mwa duka la kinyozi, chini ya bati linalowakinga wasio na pa kukimbilia asubuhi. Siku hiyo ilinyesha mvua nyembamba, ile isiyolowesha mtu wala kumwacha mkavu, na mtaa mzima ulikuwa kama unasinzia. Dari naye alikuwa akisinzia kwelikweli. Jina hilo alipewa kwa ufundi wake wa kupiga plasta za dari, lakini bega la kulia lilikuwa limemnyima usingizi tangu mwaka jana. Akililalia linamwamsha, akigeukia upande wa pili linamfuata. Mkono haupandi kupita kifua, kwa hiyo sasa anawakorogea udongo wa plasta vijana aliowafundisha mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko bega. Mkewe ndiye aliyeona tangazo kwenye ukuta wa zahanati: wanatafutwa watu wenye maumivu ya bega ya muda mrefu, wajiunge na majaribio ya dawa mpya. Dari akaenda, akapimwa, akafaa. Kilichobaki ni kupiga simu kabla ya adhuhuri aseme anaingia au haingii. Badala ya kupiga, akaja kuomba ushauri kijiweni, na hapo ndipo alipokosea.

— Walinieleza wazi, alisema. Nusu yetu tutapewa dawa, nusu kitu kinachofanana nayo ila si dawa. Sisi hatutajua nani kapata nini. Hata daktari hatajua.

Redio, kinyozi ambaye hajawahi kuzimika tangu awashwe, aliacha kufuta kioo chake.

— Daktari hajui? Sasa pale anafanya nini?

— Anaangalia.

— Hata mimi naweza kukuangalia. Kaa hapo, bure kabisa.

Nyavu, golikipa mstaafu, alitikisa kichwa kwa huzuni.

— Utapewa unga, kaka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sasa wako si mtupu tu, ni mbovu. Nani ataulamba?

Dari aliizunguka methali hiyo akitafuta mlango wa kuingilia, hakuuona.

— Lakini naruhusiwa kujitoa siku yoyote, alisema.

— Kujitoa utajitoa, maumivu je? Redio aliuliza. Maumivu hayafi, ndugu yangu. Yakitoka kwako lazima yahamie kwa mtu. Ndiyo maana wanataka watu wengi. Ya kwako anabebeshwa yule wa unga.

— Acha uongo, alisema Nyavu. Wanayatia kwenye chupa.

— Ya nini?

— Kuna nchi watu wake hawaumwi popote. Hawajui hata utamu wa kukaa chini. Wanayaagiza.

Dari alifumba macho, akaiona nyumba ndefu nyeupe yenye rafu hadi darini, na chupa zimepangwa, kila moja na maumivu ya mtu yakimeremeta polepole. Chupa yake ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, mkono wake usikofika.

— Mimi nasikia hata wa unga hupona, alisema Shangazi, muuza kahawa, na sauti yake ilimrudisha Dari benchini. Wanaota ndoto moja na wenzao. Mmoja akipona, anawaambukiza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Nyavu.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia tu. Nje mvua.

Dari hakucheka. Aliogopa, na akasema.

— Nikiangukia unga? Nitakuwa naamka naumwa, naenda kuwaambia naumwa, narudi nyumbani naumwa. Nitakuwa nimefanya nini?

— Utakuwa umefanya ujinga, Redio alimjibu. Wapigie uwaambie huingii, yaishe.

Dari akatoa simu. Alikuwa anatafuta namba pale mwanamke mmoja mgeni alipojibanza chini ya bati, akafunga mwavuli na kuomba kahawa. Nyavu, asiyekosa maonyesho akipata mtazamaji, alichomoa pakiti ya vidonge vyake vya magoti.

— Hii ndiyo dawa, si bahati nasibu, alisema, akameza kimoja. Baada ya muda mfupi magoti yananiitikia.

Mgeni alimtazama kwa upole.

— Samahani, kaka. Hicho kidonge, nani alikimeza wa kwanza?

— Shemeji yangu. Ndiye aliyenipeleka kwa daktari wake.

— Na kabla ya shemeji?

Redio alikirudia kioo chake, akaanza kukifuta upya. Shangazi alimimina kahawa nje ya kikombe. Nyavu alikigeuza kile kipakiti mbele na nyuma.

Dari alimwona akilini huyo mtu wa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye benchi fulani, mvua kama hii, magoti yamevimba, rafiki zake wakimkataza. Labda alipata dawa, labda alipata unga, akarudi kila walipomwita kusema ukweli jinsi anavyoumwa. Labda hakupona hadi leo. Dari alimpenda kama mtu wa nyumbani kwao, akabonyeza namba.

— Ndiyo, mimi, wa bega. Naingia. Nakuja sasa hivi.

Alisimama taratibu, akauingiza mkono wa kulia kwenye koti kwa kusaidiwa na wa kushoto. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa amefika katikati ya barabara Nyavu alipomwita.

— Dari. Ukimkuta huko yule wa kwanza, mwambie magoti yangu yanamsalimu.