Gari la Mwisho

Kwenye kiti cha nyuma cha basi, fundi magari na shemeji yake walikuwa wanapanga safari ya siku tatu, kwenda kukutana na wenzao wanaoendesha magari porini.

“Shemeji, utakaa nyuma ya msafara tena,” alisema fundi. “Tukivuka mto, unatangaza kwenye redio kwamba umepita.”

“Sikai. Mwaka jana nilitangaza, halafu sauti nyingine ikasema, ‘Na mimi nimepita.’”

“Walikutania hao.”

“Ilikuwa sauti yangu.”

Fundi, aliyekuwa hafungi mdomo tangu nipande na kukaa mbele yao, aligeuka akatazama kioo cha nyuma.

Basi likasimama. Mlango wa nyuma ulikuwa ubavuni mwao, lakini walipenya katikati ya abiria, wakisukumana, wakashukia wa mbele. Nami nikawafuata, bila kugeuka.