Historia ya Rula na Kanuni ya Arobaini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho kwa niaba ya familia, na inasomwa yote, ingawa asubuhi ya leo meneja wa kampuni aliyoifanyia kazi marehemu alimvuta pembeni mdogo wake huyo, akamwomba kwa sauti ya chini aruke sehemu ya kazi, kwa madai kwamba si ya lazima.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Rula, alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1975, ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari Novemba 1986, kisha akasomea upigaji chapa, na jina la Rula alilipata huko chuoni, kwa kuwa alipima kila kitu, hata nafasi kati ya sahani mezani.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za kompyuta, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa skrini, na mwaka 2004 akakabidhiwa kazi ya kuandika mwongozo wa namna skrini zinavyopaswa kupangwa. Alizigawa kanuni zake katika madaraja matatu, la kwanza lazima, la pili inafaa, la tatu ukipenda, na programu iliyokosa hata kanuni moja ya daraja la kwanza haikupewa cheti cha kuanza kutumika. Kanuni ya arobaini na moja, aliyoiweka daraja la kwanza, ilisema kitufe cha kufuta kisikae ubavuni mwa kitufe cha kuhifadhi, na kompyuta isifute kitu kabla ya kuuliza. Tarehe 12 Septemba 2016, programu ya hospitali ilipoanguka ukaguzi kwa mara ya pili kwa kukosa kanuni hiyo, wakubwa hawakuirekebisha programu, waliishusha kanuni hadi daraja la tatu, na cheti kikatoka siku ileile. Rula alikataa kutia saini, akaambiwa ana kichwa kigumu, akahamishiwa chumba cha majalada kisicho na dirisha, na wengi mliokaa hapa mlipita mlango ule mkiangalia pembeni.

Aliolewa tarehe 18 Desemba 1993 na fundi umeme, ambaye hakuchoka kusema kwamba alioa mke na rula yake, wakajaliwa binti mwaka 1995 na mwana mwaka 1999.

Januari 2023 aligundulika kuwa na uvimbe tumboni, akapangiwa upasuaji tarehe 6 Machi, na alipofika asubuhi hiyo na mkoba wake, jina lake halikuwepo kwenye orodha. Karani, alipotaka kuhifadhi, alikuwa amegusa kitufe cha jirani, na kompyuta haikuuliza. Akapangiwa tarehe 22 Mei, na ilipofika, uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Rula aliomba aonyeshwe skrini ile, akaweka kidole kati ya vitufe viwili, kidole hakikuenea, akasoma chini jina la kampuni yake mwenyewe, kisha akamwambia karani aliyekuwa akilia kwamba kosa si lake. Alifariki tarehe 30 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua wiki zote hizo, karani yule, ambaye yupo nasi na hatuna kinyongo naye, na wafanyakazi wenzake wawili waliompelekea chai chumbani kule bila kujificha. Wakubwa wa kampuni, shada lenu tumelipokea, lakini tuna hasira, na hatutaificha kwa sababu ya msiba, kwa kuwa asubuhi ya leo meneja wenu, alipoulizwa, alikiri kwamba kanuni ya arobaini na moja bado iko daraja la tatu, na keshokutwa karani huyu atarudi kukaa mbele ya skrini ileile.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.