Sauti ya Chini ya Blanketi

Gunnvor: Haloo? Haloo, nani hapo?

Torgeir: Mama Gunnvor, wewe ndiye umenipigia. Ni mimi, Torgeir. Shikamoo.

Gunnvor: Marahaba. Nilidhani atapokea yule binti wenu wa mapokezi. Yeye angalau anaongea taratibu.

Torgeir: Hii ni namba yangu mwenyewe. Habari za —

Gunnvor: Habari si nzuri. Nani huyo mliyemweka kwenye gemu?

Torgeir: Gemu lipi?

Gunnvor: Torgeir, usinifanye mtoto. Mimi nacheza magemu mangapi? Si hilo moja la gari la kusukuma theluji. Asubuhi nimekaa nyumbani na kahawa yangu, nimewasha, nangoja mwanangu aniite kwenye redio ya upepo ya mle garini. Nikaitwa na mwanamume hata simjui. Ana lafudhi ya Oslo, utadhani anasoma taarifa ya habari.

Torgeir: Ni mwigizaji, mama. Ana jina kubwa.

Gunnvor: Hata angekuwa mfalme. Eilif wangu yuko wapi?

Torgeir: [mtandao unakwaruza] — unakatikakatika, mama. Uko wapi?

Gunnvor: Niko mlimani, kwenye kibanda chetu. Na usinibadilishie mazungumzo.

Torgeir: Sibadilishi. Wale Waswidi walioinunua kampuni walitaka sauti zote zirekodiwe upya. Zetu zilikuwa chafu. Eilif alijirekodi kule chini kwako, kajifunika blanketi yeye na maikrofoni. Ukitega sikio, bomba la maji linasikika.

Gunnvor: Ni bomba langu, nalijua.

Torgeir: Sasa gemu linachezwa dunia nzima, si kama zamani tulipo —

Gunnvor: Zamani mlipofanyaje? Kampuni mliiita Potetkjeller kwa sababu mlianzia kwenye stoo yangu ya viazi. Miaka minne mmejifungia mle mnanuka soksi, supu mnakunywa yangu. Gemu la kwanza walinunua watu thelathini, nusu yao ndugu zangu, na kompyuta hawana.

Torgeir: [anacheka kidogo] Shangazi Borghild alinunua mawili.

Gunnvor: Alidhani moja ni la mumewe. Na mlipotaka kuacha kila kitu, nani alisema mtengeneze la gari la theluji, kama lile alilokuwa anaendesha baba yake?

Torgeir: Eilif.

Gunnvor: Haya.

Torgeir: Najua, mama. Bila yeye hakuna kampuni.

Gunnvor: Sasa kampuni ipo, yeye hayupo. Nilishamzika mara moja, Torgeir. Miaka miwili haijaisha, mnanizikia tena.

Torgeir: Rekodi zake za mwanzo zilihifadhiwa —

Gunnvor: Ziko wapi?

Torgeir: Zilikwenda Stockholm pamoja na vitu vingine. Wanasema wanazitafuta.

Gunnvor: Tangu lini?

Torgeir: Tangu Pasaka.

Gunnvor: Kwa hiyo hamjui ziliko.

Torgeir: Hatujui.

Gunnvor: Basi mimi najua. Kompyuta yake ya zamani iko hapa kibandani. Haijaguswa tangu alipoifunga kwa mkono wake. Kwangu kule nyumbani ametoka, lakini humu lazima yumo. Ngoja niiwashe —

Torgeir: Mama, usiiwashe!

Gunnvor: Nimeshaiwasha. Inavuma.

Torgeir: Huko kuna intaneti?

Gunnvor: Ipo. Ragnhild ndiye aliyeileta, dada yake Eilif hawezi kukaa hata siku mbili bila —

Torgeir: Sikiliza. Gemu likipata intaneti linajisasisha lenyewe. Litamfuta kama lilivyomfuta kule nyumbani.

Gunnvor: Litamfuta?

Torgeir: Kile kisanduku cha intaneti chenye taa, kiko wapi?

Gunnvor: Sijui — nyuma ya kuni, nadhani — Mungu wangu. Kuna maandishi yametokea hapa. Inasema inapakua.

Torgeir: Achana nayo. Chomoa kisanduku.

Gunnvor: Naenda, naenda. Magoti haya —

Torgeir: Waya wowote, mama. Vuta.

Gunnvor: [kishindo, kuni zinaporomoka]

Torgeir: Mama? [mtandao unakwaruza] Mama, umechomoa?

Gunnvor: Nimechomoa. Na taa ya ukutani imezima, sijui nimevuta nini.

Torgeir: Kompyuta inasemaje?

Gunnvor: Inasema haina mtandao. Yumo au hayumo?

Torgeir: Sijui bado. Usiguse kitu, iache kidogo itulie.

Gunnvor: Naiacha. Torgeir, ulisahau au ulitaka?

Torgeir: Nini?

Gunnvor: Kumtoa. Waswidi hawakumjua mwanangu. Wewe ulimjua. Ungesema hapana wangekusikiliza.

Torgeir: Mama —

Gunnvor: Bado nipo.

Torgeir: Ofisi nzima ni yeye, mama. Kila mtu akilijaribu gemu, Eilif anaongea. Meza kumi, utani uleule. Vijana wapya wanacheka, kwao ni sauti tu. Mimi natoka nje nasimama kwenye ngazi mpaka wamalize. Waliponiletea karatasi nikatia sahihi. Nilitaka kupumzika. Nawe sikukufikiria hata kidogo.

Gunnvor: Hukunifikiria.

Torgeir: Nisamehe.

Gunnvor: Tangu mazishi hujakanyaga kwangu. Nikawa najiambia ni kazi, ni kazi.

Torgeir: Naogopa ile ngazi ya kushukia stooni.

Gunnvor: Mimi nalala chumba kilicho juu yake kila siku.

Torgeir: Najua.

Gunnvor: Hujui. Haya, nibonyeze wapi? Simu imebaki chaji kidogo.

Torgeir: Kuna picha ya gari jekundu. Bonyeza mara mbili.

Gunnvor: Nimebonyeza.

Torgeir: Ikikuuliza chochote kuhusu kusasisha, kataa.

Gunnvor: Haijauliza. Imeingia giza. Theluji. Naona theluji. Muziki huo.

Torgeir: Nausikia. Twende mpaka kwenye ghala, ukitoka getini ndipo anapoongea.

Gunnvor: Kunifundisha mimi gemu hili. Nilishatoka getini.

Torgeir: Na?

Gunnvor: Kimya.

Torgeir: Endelea kidogo.

Gunnvor: Kimya, Torgeir. Barabara tu na —

Eilif: Gari namba tatu, gari namba tatu. Umefika wapi? Au umelala kwenye usukani?

Gunnvor: Sijalala, baba.

Torgeir: Yumo.

Gunnvor: Yumo. Na bomba lake la maji. Umesikia?

Torgeir: Nimesikia.

Gunnvor: Unalia?

Torgeir: Hapana. Ndiyo. Mama, usiunganishe kile kisanduku tena, tafadhali. Natafuta namna ya kumtoa humo salama, nitampa mtu wetu mmoja —

Gunnvor: Hakuna kumpa mtu. Mlishampa mtu mara moja.

Torgeir: Sawa.

Eilif: Namba tatu, usininyamazie bwana. Nimekaa macho kwa ajili yako. Umefika wapi?

Gunnvor: Mimi naendesha. Mjibu wewe.

Torgeir: Mama, ni rekodi, haisikii —

Gunnvor: Unadhani mimi sijui? Nimekuambia mjibu.

Torgeir: Niko ofisini, Eilif. Bado niko ofisini.

Gunnvor: Haya. Simu inazima, mwanangu. Ukipita dukani chukua maziwa na mkate, huku nimekuja mikono mitupu. Na ukifika chini ya kilima acha gari hapo, barabara ni barafu —

Torgeir: Mama, mimi sija —

[Simu imekatika.]

Torgeir: Haloo? Mama? Maziwa na mkate.